Kutafuta Kasoro za Ujumuishaji wa Upande wa Seva katika Kurasa za Wavuti Zinazozalishwa Papo kwa Papo: Kielelezo cha Ukurasa wa Matangazo kwa Wasomaji wa Basotu

Ikisiri

Ujumuishaji wa upande wa seva ni mbinu ya zamani ya kuingiza kipande kimoja cha maandishi katika kurasa nyingi za wavuti. Katika kurasa tuli, kasoro zake ni chache na zinafahamika. Katika kurasa zinazozalishwa na programu papo kwa papo, kasoro hizo hubadilika sura, na iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya kimya: kipande hakiingii, na msomaji hapati dalili yoyote kwamba kilipaswa kuwapo. Makala haya yanadai kwamba chanzo cha kasoro nyingi za aina hiyo si agizo lenyewe, bali ni mfuatano wa wasindikaji wanaoupokezana ukurasa kabla haujamfikia msomaji. Kwa hiyo uchunguzi unapaswa kuufuata ukurasa kutoka mkono hadi mkono, na si kukodolea macho mstari wa agizo.

1.0 Usuli wa Mada

Kata ya Basotu imo katika Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Ni eneo la wakulima na wafugaji, linalojulikana katika historia ya kilimo cha Tanzania kwa mashamba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na iliyofuata. Makao makuu ya wilaya yako Katesh, chini ya Mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka mlimani humo yaliikumba Katesh na maeneo ya jirani, na watu wengi walipoteza maisha. Katika siku za namna hiyo tangazo la barabara iliyofungwa au la mahali pa kupatia huduma linapaswa kusomwa na kila mtu anayefungua ukurasa wowote wa tovuti ya mamlaka husika, awe ametafuta habari za mbegu, chanjo ya mifugo au ratiba ya vikao.

Tovuti za halmashauri ni njia mojawapo ya kufikisha matangazo ya aina hiyo. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa pamoja chini ya mfumo mmoja ulioandaliwa na Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo baadaye ilikuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Jambo la kuzingatia katika tovuti za kizazi hiki ni kwamba kurasa zake hazikai katika seva zikiwa zimekamilika. Kila ukurasa hutungwa na programu msomaji anapouomba, kwa kuchota maudhui kutoka katika hifadhidata na kuyapanga ndani ya kiolezo.

Kielelezo kinachotumika katika makala haya kimebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, wala si maelezo ya tovuti ya halmashauri yoyote. Ni tovuti ya wilaya yenye kurasa za habari zinazotungwa kwa lugha ya PHP. Juu ya kila ukurasa kuna nafasi ya tangazo la dharura. Tangazo hilo huhifadhiwa katika faili dogo linaloitwa `tangazo.html`, ili ofisa aweze kulibadilisha bila kugusa programu. Msomaji ni mkazi wa Basotu mwenye simu ya mkononi na bando la kununua. Hayuko karibu na fundi, hana njia ya kuona kumbukumbu za seva, na akiona ukurasa hauna tangazo ataamini kwamba hakuna tangazo.

2.0 Agizo Lililovaa Vazi la Maoni

Mbinu ya ujumuishaji wa upande wa seva ilikuwapo tayari katika seva ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikarithiwa na seva ya Apache iliyotokana nayo mwaka 1995. Kanuni yake ni nyepesi. Mwandishi wa ukurasa huweka agizo mahali anapotaka kipande kiingie:

`<!--#include virtual="/vipande/tangazo.html" -->`

Seva huusoma ukurasa kabla ya kuutuma, hulitambua agizo, hukichukua kipande na kukiweka mahali pa agizo. Kivinjari cha msomaji hupokea ukurasa mmoja uliokamilika na hakijui kwamba uliunganishwa.

Umbo la agizo ndilo linaloeleza ukimya wa kasoro zake. Alama `<!--` na `-->` ndizo zinazotumiwa na lugha ya HTML kufunga maoni, yaani maandishi ambayo kivinjari hakiyaonyeshi. Waasisi wa mbinu hii walichagua umbo hilo kwa hekima fulani, kwani seva isiyojua maagizo haya ikiutuma ukurasa kama ulivyo, msomaji haoni takataka. Lakini hekima hiyo ina gharama. Agizo lililopuuzwa linaonekana sawasawa na agizo lisilokuwapo. Fundi anayesubiri kuona ujumbe wa kosa atasubiri sana.

Kuhusu tahajia ya agizo hakuna mengi ya kusema. Hairuhusiwi nafasi kati ya `<!--` na `#` katika Apache. Inatakiwa nafasi kabla ya `-->`. Na sifa ya `file` hukataa njia inayoanza na mkwaju au inayopanda juu kwa `../`, ilhali sifa ya `virtual` hupokea anwani yoyote ya ndani ya seva hiyohiyo lakini hukataa jina la seva nyingine. Makosa haya hugunduliwa siku ya kwanza na kusahaulika.

3.0 Nani Anausoma Ukurasa wa Mwisho

Swali la msingi katika ukurasa unaozalishwa ni hili: je, msindikaji anayejua maagizo anaupata ukurasa baada ya programu kumaliza kuutunga? Katika ukurasa tuli swali hilo halina uzito, kwa sababu faili lipo tayari likiwa na agizo ndani yake. Katika ukurasa wa PHP, agizo huzaliwa pamoja na ukurasa. Msindikaji akiwa amepangwa kusoma faili la programu badala ya matokeo yake, au akiwa hakupangwa kabisa, agizo litapita bila kuguswa.

Historia ya Apache inasaidia hapa. Katika toleo la 1.3, kila ombi lilikabidhiwa kwa mshughulikiaji mmoja tu. Ukurasa ulioandikwa kwa programu ya CGI au kwa PHP ulikuwa na mshughulikiaji wake, na ukurasa wa maagizo ulikuwa na wake. Hapakuwa na namna ya kawaida ya kuupitisha mmoja kwa wote wawili. Toleo la 2.0, lililotolewa rasmi mwaka 2002, lilileta vichujio: matokeo ya mshughulikiaji yanaweza kupitishwa katika vichujio kadhaa kwa mfuatano, kimojawapo kikiwa kile kiitwacho `INCLUDES`. Tangu hapo imewezekana kabisa programu ya PHP kuchapa agizo na seva kulitekeleza. Hata hivyo maelezo ya zama za 1.3 bado yanazunguka, na fundi anayeambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani huacha kulitafuta.

Kuwezekana si kutokea kwenyewe. Mambo mawili yanahitajika, na kukosekana kwa moja kunatosha kuharibu. La kwanza ni kichujio kuwekwa juu ya kurasa zinazohusika. Mpangilio wa kawaida, `AddOutputFilter INCLUDES .shtml`, unahusu faili zenye tamati ya `.shtml` peke yake. Ukurasa wa `.php` haumo. Tovuti tuli inapohamishiwa kwenye mfumo unaozalisha kurasa, waliohamisha huyabeba maagizo pamoja na maandishi na kuusahau mpangilio huo. La pili ni ruhusa. Kichujio kinaweza kuwapo na bado kikajiondoa iwapo saraka au anwani husika haina `Options +Includes` au `Options +IncludesNOEXEC`. Hapo Apache huandika katika kumbukumbu za makosa kwamba ruhusa haikuwekwa na kwamba kichujio kimeondolewa, kisha huutuma ukurasa kwa msomaji kana kwamba hakuna lililotokea. Mstari huo mmoja wa kumbukumbu ndio ushahidi pekee wa tukio, na uko kwenye mashine ambayo msomaji wa Basotu hataiona kamwe.

Inafaa kutenganisha jambo hili na neno `include` la PHP yenyewe, ambalo limewapotosha wengi kwa kufanana kwake. PHP ikijumuisha faili lenye agizo la seva, hulichapa agizo hilo kama lilivyo. Haina habari nalo. Kipo pia kitendaji cha PHP kiitwacho `virtual()`, kinachoiomba Apache itekeleze ombi la ndani, lakini hufanya kazi pale tu PHP inapoendeshwa ndani ya Apache kama moduli. Mfumo ukihamishiwa kwenye mpangilio ambamo PHP ni mchakato wa pembeni, kitendaji hicho hakipo tena.

4.0 Kukisoma Chanzo cha Ukurasa

Hatua ya kwanza ya uchunguzi haihitaji kugusa seva. Chanzo cha ukurasa kama kilivyomfikia msomaji kinasomwa, na panapopaswa kuwa na tangazo panakaguliwa. Hali ya mahali hapo husema karibu kila kitu.

Agizo likikutwa zima ndani ya chanzo, hakuna aliyelitekeleza. Uchunguzi unarudi kwenye kichujio na ruhusa, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.0, na ni kupoteza muda kukagua kama faili la tangazo lipo. Seva haijafika hata mahali pa kulitafuta.

Pakikutwa sentensi fupi ya Kiingereza katika mabano ya mraba, ikisema kwamba kosa limetokea katika kutekeleza agizo, basi msindikaji yupo na amejaribu, ila kipande kimemshinda. Maneno yenyewe yanafaa kusomwa kwa makini. Apache humalizia kwa `this directive`, ilhali Nginx humalizia kwa `the directive`. Tofauti ya neno moja inamwambia mchunguzi ni seva ipi kati ya mbili zilizosimama mstarini iliyolishika agizo, na mara kwa mara jibu si lile alilolitarajia. Sababu ya kosa haimo katika sentensi hiyo. Imo katika kumbukumbu za makosa za seva hiyo.

Agizo likionekana kwa macho kwenye uso wa ukurasa, na si ndani ya chanzo tu, kiolezo kimeligeuza. Violezo vingi vya sasa hubadilisha alama ya `<` kuwa `&lt;` kila vinapochapa maandishi yanayotoka katika hifadhidata, na hufanya hivyo kwa sababu nzuri ya kiusalama. Agizo lililohifadhiwa katika hifadhidata pamoja na makala hupoteza umbo lake kabla ya kukifikia kichujio. Tiba si kuzima kinga hiyo. Tiba ni kuliondoa agizo katika maudhui na kuliweka katika kiolezo, ambako ndiko mahali pake.

Hali ngumu zaidi ni ile ambayo mahali hapo pako tupu: hakuna agizo, hakuna ujumbe, hakuna kipande. Uwezekano ni wa namna tatu. Huenda agizo lilitekelezwa na faili la tangazo ni tupu kweli. Huenda ujumbe wa kosa umefutwa kwa makusudi, kwa kuwa Apache huruhusu `SSIErrorMsg` iwe maneno yoyote, na Nginx ina `ssi_silent_errors` inayounyamazisha kabisa. Wasimamizi huufuta wakidhani wanaupendezesha ukurasa. Au huenda agizo liliondolewa kabla ya kufika. Programu za kubana msimbo wa HTML hufuta maoni yote ili kupunguza ukubwa wa ukurasa, na vihariri vya ndani ya mifumo ya maudhui hufanya vivyo hivyo ofisa anapohifadhi makala yake. Kwa programu hizo agizo ni maoni tu. Kuutofautisha uwezekano huu wa tatu na ule wa kwanza ni rahisi: neno moja la majaribio linaandikwa katika faili la tangazo, na ukurasa unaombwa upya. Neno lisipotokea, faili halikuguswa.

5.0 Anwani ya Kipande

Katika ukurasa tuli, anwani ya kipande huhesabiwa kutoka mahali faili lilipo, na mtu anaweza kuiona kwa kufungua saraka. Katika ukurasa unaozalishwa, hakuna faili. Kuna anwani tu, na anwani hiyo ni tungo la programu.

Tuseme habari ya kumi na mbili ina anwani `/index.php/habari/12`, na kiolezo kina agizo lenye `virtual="vipande/tangazo.html"`, bila mkwaju wa mwanzo. Seva itaihesabu anwani ya kipande kutoka katika anwani ya ukurasa na kupata `/index.php/habari/vipande/tangazo.html`. Anwani hiyo inaanza na `index.php`. Kwa hiyo ombi la kipande linarudi kwa programu ileile iliyotunga ukurasa. Programu haijui habari yenye jina la namna hiyo, nayo hujibu kwa adabu zote: hutunga ukurasa mzima wenye nembo, menyu na maneno kwamba ukurasa haukupatikana. Ukurasa huo mzima huingizwa ndani ya ukurasa wa kwanza, mahali pa tangazo. Msomaji huona nembo mbili, menyu mbili, na katikati ujumbe kwamba ukurasa haukupatikana, ilhali ameupata.

Apache ina kinga dhidi ya ukurasa kujijumuisha wenyewe, lakini duru ya kwanza hupita. Ukurasa wa kosa ukitumia kiolezo kilekile chenye agizo lilelile, nao huomba kipande chake. Kasoro hii inatisha kwa sura, lakini ni afadhali kuliko ya kimya, kwa kuwa mtu yeyote ataiona na kuitolea taarifa.

Mkwaju wa mwanzo hutatua sehemu kubwa ya tatizo, ila si lote. Mara nyingi mbele ya programu husimama seva nyingine, inayopokea maombi yote na kuyapeleka nyuma. Iwapo kichujio kiko kwenye seva ya mbele, agizo hutekelezwa huko, na anwani `/vipande/tangazo.html` hutafsiriwa kwa mujibu wa seva ya mbele, si kwa mujibu wa saraka za seva ya nyuma ambako mwandishi wa programu aliliweka faili. Seva ya mbele ikiwa imeambiwa kupeleka kila kitu nyuma, ombi la kipande nalo litapelekwa, na litaangukia tena mikononi mwa programu. Katika Apache, njia ya vipande hutengwa kwa `ProxyPass /vipande/ !`, na mstari huo lazima utangulie ule unaopeleka maombi yote, kwani kanuni hizo husomwa kwa mfuatano na ya kwanza kulingana ndiyo inayoshinda.

Pana jambo dogo la mahali linalostahili kutajwa hapa. Katika maandishi ya Kiiraqw, mojawapo ya lugha zinazozungumzwa Mbulu na Hanang, mkwaju ni herufi: huwakilisha sauti ya koo. Programu inayotunga jina la kipande kutokana na jina la mahali au la kikundi, kwa mfano tangazo la kila kijiji peke yake, ikipewa jina lililoandikwa hivyo itatengeneza njia yenye saraka ambayo haipo. Kosa la aina hiyo litatokea kwa majina machache tu kati ya mengi, na mchunguzi asiyeijua lugha hiyo atalitafuta kila mahali isipokuwa katika jina. Majina ya faili na yatokane na namba za kumbukumbu. Majina ya watu na mahali na yabaki katika maudhui.

6.0 Mgandamizo na Fundi Asiyeiona Kasoro

Aina moja ya kasoro hupona kila fundi anapoichunguza na kurudi anapoondoka. Kisa chake ni mgandamizo wa data. Kivinjari cha simu, kinapouomba ukurasa, hutangaza kwamba kinaweza kupokea data iliyogandamizwa. Programu iliyowashiwa `zlib.output_compression` hulipokea tangazo hilo na kuugandamiza ukurasa yenyewe, kabla haujatoka mikononi mwake. Kichujio cha maagizo kinachofuata hupokea baiti zilizobanwa, ambamo hamna `<!--#include` kwa umbo linalotambulika. Hakioni agizo, hakitekelezi kitu, hakiandiki kosa. Ukurasa hufunguliwa ndani ya simu, na agizo hujitokeza huko likiwa zima na bila maana.

Fundi huuomba ukurasa uleule kwa programu ya `curl`, ambayo kwa kawaida haitangazi kwamba inapokea mgandamizo. Seva humjibu kwa maandishi wazi, kichujio huliona agizo, na tangazo linaingia. Fundi hujibu kwamba hakuna kasoro. Msomaji hupewa ushauri wa kufuta data za kivinjari chake. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kuhusu ukurasa alioupata. Namna ya kukata shauri ni kuomba mara mbili, mara ya pili kwa `curl --compressed`, na kulinganisha. Kanuni ya jumla ni kwamba ombi la uchunguzi lifanane na la msomaji katika kila kichwa chake: mgandamizo, vidakuzi, hata aina ya kivinjari, kwa sababu mifumo mingine huwapa wenye simu kiolezo tofauti.

Suluhisho la haraka, yaani kuzima mgandamizo wote, halifai. Mgandamizo hupunguza sana ukubwa wa maandishi yanayosafiri, na anayelipia kila megabaiti ni msomaji. Linalotakiwa ni kuhamisha kazi hiyo. Programu itoe maandishi wazi, kichujio kitekeleze maagizo, kisha seva ya mbele igandamize mwishoni. Kichujio cha mgandamizo cha Apache kimepangwa kuja baada ya kile cha maagizo, kwa hiyo mfuatano huo hujipanga wenyewe mradi programu isijitangulize. Katika Nginx, agizo la `proxy_set_header Accept-Encoding ""` huizuia seva ya nyuma kugandamiza bila kumnyima msomaji mgandamizo wa mbele.

7.0 Kipande Kilichochakaa

Tangazo la jana ni hatari kuliko kukosa tangazo. Ukurasa unaosema barabara iko wazi, wakati ilifungwa asubuhi, unasomwa kama neno la mamlaka.

Chanzo cha uchakavu ni kwamba ukurasa uliojumuishwa una umri wa namna mbili. Maudhui yake makuu yana umri wake, na kipande kina umri wake, lakini vichwa vya jibu vina nafasi ya tarehe moja tu. Programu ya habari, ikijua kwamba habari ya kumi na mbili haijabadilika tangu juma lililopita, hukiambia kivinjari kwamba kinaweza kuitunza nakala yake kwa siku nzima. Au kivinjari kikiuliza kama kuna jipya, hujibu kwamba hakuna. Kwa upande wa habari, jibu ni sahihi. Programu haina habari za faili la tangazo, kwa kuwa ujumuishaji hutokea baada yake. Hali kama hiyo huletwa katika kurasa tuli na `XBitHack full`, inayoweka tarehe ya mabadiliko ya faili la nje bila kuangalia ya ndani. Apache yenyewe, kwa kulijua hili, kwa kawaida haiweki tarehe ya mabadiliko katika kurasa zilizopita katika kichujio cha maagizo. Programu inayojiwekea muda wa kutunza ndiyo inayoivuruga tahadhari hiyo. Kwa kurasa zinazobeba tangazo la dharura, muda huo unapaswa kupimwa kwa umri unaovumilika wa tangazo, hata kama habari yenyewe ni ya mwaka juzi.

Tarehe inayochapwa kwa msomaji nayo ina mtego. Wengi hutumia `LAST_MODIFIED` kuandika siku ukurasa uliposasishwa. Katika ukurasa tuli thamani hiyo ni ya faili la ukurasa. Katika ukurasa wa PHP ni ya faili la programu, yaani siku mwandishi wa programu alipolihariri mara ya mwisho. Tovuti inaweza kutangaza kwa miaka mitatu kwamba ilisasishwa siku ileile, au ikatangaza imesasishwa leo kwa sababu fundi alirekebisha nafasi moja katika msimbo. Saa ya seva iliyowekwa kwa UTC iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo tangazo la saa saba na nusu usiku litabeba tarehe ya siku iliyopita. Na majina ya miezi hutoka kwa Kiingereza; njia nyepesi ni kuchapa tarehe kwa tarakimu kwa `timefmt="%d/%m/%Y"`.

8.0 Mlango Unaofunguliwa

Kuweka kichujio juu ya matokeo ya programu kuna athari ambayo haipo katika kurasa tuli. Kichujio hakiwezi kutofautisha agizo lililoandikwa na mwenye tovuti na agizo lililoandikwa na mgeni. Ukurasa unaoonyesha maoni ya wananchi au unaorudisha neno lililotafutwa unaweza kupokea kutoka kwa mtu mwenye nia mbaya agizo la `exec`, nalo likatekelezwa na seva kama amri ya mashine. Kinga mbili hutakiwa kwa pamoja: kila neno linalotoka kwa mgeni ligeuzwe alama zake kabla ya kuchapwa, na ruhusa iwe `IncludesNOEXEC`, ambayo huacha vipande viingie lakini hukataa amri. Ya pili peke yake haitoshi, kwa sababu bado inaruhusu kujumuisha kwa `virtual` programu za CGI zilizomo katika saraka rasmi za programu. Kwa fundi aliyehangaika siku nzima hadi agizo likatekelezwa, kishawishi cha kuacha `Options +Includes` ni kikubwa, na hapo ndipo uchunguzi wa kasoro moja unapozaa nyingine iliyo kubwa zaidi.

9.0 Kuipa Sauti Kasoro ya Kimya

Yaliyoelezwa hadi hapa humsaidia mchunguzi aliyekwisha kujua kwamba kuna kasoro. Msomaji wa Basotu hana ujuzi huo, na mara nyingi hata msimamizi hana, kwa kuwa siku nyingi faili la tangazo huwa tupu na ukurasa usio na tangazo ni jambo la kawaida. Kichujio kinaweza kuharibika mwezi Machi na kasoro ikajulikana Desemba, siku tangazo linapohitajika.

Sharti la kwanza ni kwamba kipande kisiwe tupu kamwe. Siku isiyo na dharura kiseme hivyo, pamoja na tarehe: hakuna tangazo la dharura. Sharti la pili ni kutoufuta ujumbe wa kosa, bali kuubadilisha kuwa Kiswahili chenye msaada kwa msomaji, kwa mfano kwamba tangazo halikuweza kupakiwa na kwamba taarifa zinapatikana katika ofisi ya kata.

Ujumbe huo, hata hivyo, hutokea pale tu msindikaji anapokuwapo. Kwa hali ya kutokuwapo kwake, umbo lilelile la maoni linaloficha kasoro linaweza kutumiwa kuifichua. Katika Apache 2.4, kiolezo huwekewa mstari huu kando ya agizo la tangazo:

`<!--#if expr="false" -->Tangazo halikupakiwa. Uliza ofisi ya kata.<!--#endif -->`

Kichujio kikifanya kazi, sharti si kweli, na maneno ya katikati huondolewa. Kichujio kikikosekana, kikinyimwa ruhusa au kikipewa ukurasa uliogandamizwa, maagizo mawili ya pembeni hubaki kuwa maoni yasiyoonekana, na maneno ya katikati huonekana kwa msomaji. Hata programu ya kubana msimbo ikifuta maoni yote, maneno hayo hubaki. Matoleo ya Apache yaliyotangulia 2.4 hulisoma neno `false` kama maandishi yasiyo matupu na kulihesabu kuwa kweli, kwa hiyo huko hutumika ulinganisho usioweza kuwa sawa, kama `expr="0 = 1"`. Mstari huo unaweza kujaribiwa kwenye ukurasa mmoja wa majaribio kwa kuondoa `Options +Includes` kwa dakika chache na kuufungua ukurasa kwa simu, kwa mtandao wa simu, si kwa kompyuta iliyo katika chumba kimoja na seva.